Sufuria lisilo na mfuniko

Gari langu, MGB dogo la michezo, ni la 1971, injini ya cc 1798, limetengenezwa Abingdon, Uingereza. Kila nikipanda kutoka Uyole kwenda Tukuyu, kabla sijafika njia panda ya Isyonje mshale wa joto umeshafika H, yaani moto, na mvuke unatoka kwenye boneti. Wauza viazi walishanizoea. "Mwalimu, tulete maji?" Dumu moja, mia tano.

Gereji ya kwanza walitoa rejeta, wakaiosha, nikalipa. Ikachemsha. Gereji ya pili fundi akasema, "Mwalimu, hii dawa yake ni kutoa themostati tu." Ndiyo ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Akaitoa. Mlimani ikaendelea kuchemsha, na asubuhi za Juni, baridi ya Mbeya unaijua, injini ikawa haipati joto: choki, ile ya kuwashia injini baridi, nje hadi Mafiati mjini, mafuta inakunywa kama lori.

Jumamosi moja nikaamua kuishika mwenyewe. Nyuma ya bloki ya injini kuna koki ndogo ya shaba ya kumwagia maji. Nikaifungua. Halikutoka hata tone, na rejeta imejaa! Nikachokonoa kwa waya wa spoku ya baiskeli, nikasikia kitu kinakwaruza kama mchanga, kisha likaanza kushuka tope la kahawia, zito kama uji wa ulezi. Miaka yote hiyo gari ilikuwa inajazwa maji ya mtoni. Nikaweka mpira wa bustani, nikasukuma maji kinyumenyume karibu saa nzima mpaka yakatoka meupe.

Halafu mfuniko wa rejeta. Umeandikwa 10, yaani pauni 10 za presha, lakini raba yake ilikuwa kavu kama gome. Huku kwetu, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, ndiyo maana maharage yanatutesa. Mfuniko mzima ukibana presha, maji yanapita nyuzi 110 bila kuchemka. Wangu ulikuwa haubani chochote. Nilikuwa naendesha sufuria.

Mfuniko mpya, themostati ya nyuzi 82 ikarudi mahali pake, kulanti, dawa ya rejeta, nusu kwa nusu na maji safi.

Jumapili nikapanda. Mshale ukasimama kwenye N, yaani kawaida, ukacheza kidogo kwenye kona kali, ukarudi. Pale Isyonje kijana wa maji akaja mbio na dumu lake. Nikanunua viazi, ndoo mbili, maana alishaniangalia vibaya.