Chumvi ya mchu na picha zinazoungua

Ukitaka kujua kamera yako ya hadubini ina uwezo gani, ipe jani la mchu. Mikoko yetu hii ya Bagamoyo hutoa chumvi kupitia tezi za majani, na upande wa chini wa jani umejaa vinyweleo vifupi vya kijivu. Washa taa: punje za chumvi zinawaka, vinyweleo vya katikati yake havionekani. Punguza mwanga ili uone kingo za punje, jani zima linakuwa masizi.

Asubuhi na mapema usihangaike. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi hufyonza maji, utakuta matone tu. Mimi huchuma jua likishapanda.

Wengi hukimbilia programu za kurekebisha picha. Mimi naanza na taa: kichujio cha polaraizi (kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) mbele ya taa, kingine mbele ya lenzi, kisha nazungusha hiki cha lenzi taratibu mpaka mng'ao ufe. Hapo nusu ya kazi imekwisha, na haijagharimu kitu cha maana.

Halafu napiga picha nne bila kugusa jani: sekunde 1/500, 1/125, 1/30, 1/8. Kila moja inapata mwanga takriban mara nne ya iliyotangulia. Nabadilisha muda tu, mengine yote yanabaki vilevile. Nahifadhi faili ghafi (RAW, picha kama kamera ilivyoipokea kabla ya kuichakata), maana kamera ya biti 12 ina ngazi 4,096 za mwanga, na JPEG ya kawaida inakuachia 256. Pikseli iliyofika juu kabisa imeungua, haina habari tena, naitupa. Thamani za pikseli zilizobaki nagawanya kwa muda wa picha yake, kisha natafuta wastani wa kila pikseli, nne zinakuwa picha moja. Mwaka 1997 watafiti wa kompyuta Debevec na Malik walionyesha namna ya kufanya hivyo hata kwa kamera ambayo thamani zake haziendi sambamba na mwanga. Kwa faili ghafi, kugawanya kunatosha.

Kwa sampuli za fluoresensi, yaani zenye rangi inayotoa mwanga wake ikimulikwa, picha ya muda mrefu iwe ya mwisho. Mwanga wenyewe unachujua rangi hiyo.

Kijana aliyekuja kwangu kwa mazoezi ya kazi aliniuliza, "Dada, si simu yangu inafanya hayo yenyewe?" Inafanya, tena vizuri kwa macho. Lakini simu huinua giza hapa na kushusha mwanga pale, kila eneo kivyake. Ukitaka kulinganisha majani mawili lipi lina chumvi nyingi, picha hiyo itakudanganya huku ikikuchekea.

Kuna jambo moja ambalo hata picha ishirini hazitibu: mwanga wa punje kubwa husambaa ndani ya lenzi yenyewe na kumwagikia sehemu za giza, ukaonekana kama ukungu. Nikiona hivyo nafuta lenzi kwanza. Ukungu ukibaki, nachukua sindano naing'oa ile punje, naanza upya picha ya kwanza.