Alama mbili za kalamu kwenye upote

Mimi ni Mkamba, kwa hiyo hapa Ohio nikitaja upinde watu hudhani nilizaliwa na podo mgongoni. Wapi! Upinde nimeujulia ukubwani, kwenye uwanja wa shabaha, tena si ule wa mababu. Huu una kitako cha kuegemeza begani kama bunduki, mikono miwili iliyolala ubavu kule mbele, upote (kamba ya upinde) katikati, na mfereji wa kulaza mshale. Wenyeji huuita krosibo.

Wangu huvutwa kwa nguvu ya ratili 150. Waata, wawindaji wa jadi wa Kenya, walikuwa na pinde za zaidi ya ratili 100, na walizivuta kwa misuli yao wenyewe. Mimi nikishavuta, kulabu iliyo juu ya kifyatulio hunasa upote na kuushikilia, nami nalenga kwa raha zangu.

Lakini mishale ilikuwa ikitawanyika, mmoja kushoto, mwingine kulia, na shabaha iko yadi 20 tu. Nikakaza skrubu za darubini, wapi. Mzee mmoja pale uwanjani alinitazama nikivuta kwa mikono mitupu, akasema, "Mkono wako wa kulia unaushinda wa kushoto." Kumbe upote ukinaswa ukiwa umekwenda kando, hata milimita chache, mikono ya upinde haisukumi sawa na mshale hupotea upande.

Dawa yake ni rahisi ajabu. Upinde ukiwa umelegea, nilichora alama mbili kwenye upote, moja kila upande wa mfereji, palepale unapougusa. Kisha nikanunua kamba ya kuvutia, ile yenye vishikio viwili na kulabu za kapi. Unaingiza mguu kwenye kikuku cha mbele, unapitisha kamba nyuma ya kitako, unavuta mikono yote miwili pamoja mpaka usikie "ta!" Kapi hupunguza uzito kwa nusu. Nikitazama, alama zote mbili ziwe sawa na mfereji. Zisipokuwa sawa, silengi shabaha.

Wangu hujifunga usalama wenyewe ukishavutwa, usije ukafyatuka bila kukusudia. Mshale unalazwa unyoya wa rangi tofauti ukiwa chini mferejini, unasukumwa nyuma mpaka uguse upote. Ukiachwa nafasi hapo, upinde unaweza kufyatuka kama mtupu, na mfyatuko mtupu huweza kupasua mikono yake. Kidole gumba nacho kikae chini ya mfereji, la sivyo upote utakipitia. Hilo halina mjadala.

Sasa kwa yadi 20 mishale hukaa ndani ya upana wa kiganja, na nimeanza kujaribu 30. Upote naupaka nta mara kwa mara, isipokuwa pale katikati palipozungushiwa uzi. Nikimaliza siku siulegezi kwa mkono: nina mshale mmoja mkuukuu wenye chembe butu, huo naufyatulia kwenye shabaha ya sponji, ndipo naondoka.