Kitunguu Saumu na Mtungi Mkavu

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikimenya kitunguu saumu cha pilau, binti yangu akanishika mkono, akakunja uso na kusema, "Mama, unanuka maabara." Hajawahi kuingia maabara yoyote. Neno hilo amelipata kwangu, kwa kuwa ndilo ninalolisema kila mara harufu hiyo inapojaa jikoni, na kwa miaka yote hiyo nimekwepa kumweleza sababu yake.

Waliowahi kufanya kazi na DMSO wananielewa. Hiki ni kimiminika kinachochanganywa na seli kabla ya kugandishwa, kwa kawaida sehemu moja katika kumi, ili barafu isizipasue. Chenyewe hakina harufu ya kutaja, lakini kikipenya ngozini, hata kupitia glavu iliyotoboka, haupiti muda mrefu kabla hujahisi ladha ya kitunguu saumu mdomoni na hali hujala kitu. Wagonjwa wanaotiwa seli shina zilizogandishwa, yaani zile seli mama zinazozaa seli nyingine za damu, hutoa harufu hiyo hiyo katika pumzi yao.

Glavu yangu ya kushoto ilikuwa na tundu asubuhi ile ya Jumatatu, mwaka 2014, hapa hapa Moshi.

Nilikuwa nikihangaika na damu ya kitovu. Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma baada ya mtoto kuzaliwa ina seli shina zinazoweza kufanya kazi ya uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, ila ni chache, hivi kwamba zinaweza kumtosha mtoto na zisimtoshe mtu mzima. Kwa hiyo kila seli inayokufa katika kugandishwa au kuyeyushwa ni hasara kwa mgonjwa ambaye uloto wake umeshaharibiwa kwa dawa, naye hana pa kurudi. Swali langu lilikuwa dogo: damu hiyo inaweza kukaa kwa muda gani kati ya chumba cha kujifungulia na mtungi wa kugandishia kabla haijapoteza uwezo wa kuotesha makundi mapya ya seli? Lilikuwa swali la Moshi hasa, kwa kuwa damu yangu ilisafiri kwa bajaji, ndani ya kiboksi cha barafu nilichokipakata mapajani.

Mama wa sampuli ya saba alikubali bila shida. Aliyegoma ni mkwewe, bibi mmoja wa Old Moshi aliyesimama mlangoni mwa wodi ya wazazi akisubiri kondo la mjukuu wake likazikwe migombani. "Kondo ni letu," aliniambia. "Na hiyo damu, mwanangu, mnaipeleka wapi?" Nilimwambia kwamba huenda siku moja kazi kama hii ikamsaidia mtoto mwenye selimundu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi itunzeni."

Mtungi wa kugandishia hujazwa naitrojeni ya kimiminika, nayo hupimwa kwa rula ya mti. Unaichovya mpaka chini, unaitoa, unaipungia hewani, na pale ukungu mweupe unapoishia ndipo unaposoma kina, halafu unaandika katika daftari. Jumanne nilisoma 14. Ijumaa nilikuwa nawahi daladala ya Kibosho kwenye kipaimara cha mtoto wa dada, nikaandika 12 bila hata kufungua kifuniko. Nilipiga hesabu tu, na hesabu yenyewe haikuwa mbaya, kama mtungi ungekuwa mzima.

Jumatatu nilipofungua kifuniko, ule moshi mweupe unaomwagika mpaka sakafuni haukutoka. Nilichungulia ndani kama mtu anayechungulia kisima. Vichupa vilikuwa bado vimeganda, na ndivyo matumaini yalivyonidanganya, maana katika naitrojeni seli hukaa kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na kitu kinaweza kupanda nyuzi zaidi ya mia moja, kikaharibika kabisa, huku machoni bado ni barafu. Nilichukua kichupa cha saba. Nilikitia kwenye maji ya nyuzi 37, nikakitikisa taratibu mpaka kikabaki kipande cha barafu kidogo kama punje ya mchele, kisha nikaanza kuongeza maji ya lishe tone kwa tone, kwa kuwa ukiharakisha seli hunywa maji zikapasuka. Sijawahi kufanya kazi hiyo kwa uangalifu namna ile, tangu siku hiyo mpaka leo. Mdomo wangu ulikuwa umeshajaa kitunguu saumu nilipoweka tone chini ya hadubini pamoja na rangi ya tripani, ambayo seli hai huikataa na seli mfu huinywa. Nilisogeza kioo kushoto, kulia, juu, chini. Bluu. Nilipata tatu zilizong'aa, na hata hizo nilizitilia shaka.

Mwaka 1988 damu ya kitovu ya mtoto mchanga ilivushwa bahari ikiwa imegandishwa, kutoka Marekani hadi Paris, akatiwa kaka yake wa miaka mitano aliyekuwa na ugonjwa wa Fanconi, wa kurithi, unaoharibu uloto, akapona. Yangu ilishindwa kuvuka wikiendi.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Meku aliyekuwa akilinda na kufagia pale aliniambia kwamba "lile pipa lenu" lilikuwa likitoka jasho kwa nje tangu Alhamisi. Mafundi walithibitisha kuwa mtungi ulikuwa umepoteza ombwe lake, ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta zake inayozuia joto, ukaandikwa mbovu, nami nikapewa pole. Hakuna aliyefungua daftari. Niliotesha seli zile hata hivyo, na baada ya siku kumi na nne visahani vilikuwa vitupu kabisa, bila kundi hata moja. Nilianza upya na akina mama wengine, nikahitimu. Sijui niseme mtungi ndio ulioua au ni ile 12; nikiwa nimechoka huwa nasema mtungi.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule bibi soko la Mbuyuni, mbele ya mafungu yake ya ndizi. Nilimwamkia, akanikumbuka kabla sijajitambulisha, akaniambia mjukuu anatembea, kisha akauliza, "Na ile damu?"

Nilimjibu kwamba bado tunaifanyia kazi. Akaitikia kwa kichwa, akapokea hela yangu, akaniongezea ndizi mbili.