Ukungu chini ya epoksi

Jumapili usiku

Fimbo ya kuvulia samaki imerudi leo. Mzee niliyemtengenezea miaka mitatu iliyopita ameileta mwenyewe, na kabla hata hajakaa akaitoa kwenye mfuko wake wa kitambaa akanishikisha. "Tazama hapo kwenye pete, mwanangu. Imeingia ukungu." Hakulalamika. Afadhali angelalamika, ningepata la kujibu.

Nimeisogeza kwenye taa. Ule uzi wa kijani niliouzonga jioni tatu mfululizo, nikauwekea ukingo wa mizunguko minne ya uzi wa dhahabu, umefifia nyuma ya kitu cheupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Si pete zote. Kati ya pete nane, mbili zina weupe unaoanzia kwenye ncha ya mguu wa pete na kusambaa kama moshi. Kuna na wingu la tatu, kubwa kuliko hayo, kwenye urembo wa uzi juu ya mpini, mahali pasipo na pete wala chuma chochote. Hilo la tatu ndilo limeninyima usingizi.

Nilianza na tumaini dogo. Epoksi, ile resini inayochanganywa na kigumishi na kupakwa juu ya uzi, ikigandia kwenye hewa yenye unyevu mwingi, hasa penye baridi, kigumishi chake hukutana na mvuke wa maji na kabonidioksaidi ya hewani, kikaacha utando juu ya uso, unaoteleza kama nta. Utando huo hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Nikaosha, nikakausha, nikatazama tena. Hakuna kilichobadilika. Uso wa epoksi ni laini kama kioo, kidole hakikwami popote. Weupe uko chini, kati ya epoksi na uzi, na huko sabuni haifiki.

Jumatatu

Kwa asiyeijua kazi hii: ufito mtupu wa kaboni hauna pete. Fundi ndiye anayezipanga pete za kupitishia mshipi, kila moja ikikaa juu ya ufito kwa mguu wake mwembamba wa chuma. Mguu huo unafungwa kwa uzi unaozongwa mzunguko kwa mzunguko bila mwanya, kisha uzi unapakwa epoksi huku fimbo ikizungushwa polepole na mota kwa saa nyingi ili isichuruzike upande mmoja. Pete haishikwi na gundi. Inashikwa na uzi, na uzi unalindwa na epoksi. Epoksi ikiachana na uzi, pete inabaki imefungwa kwa kitambaa kilicholowa.

Na kuachana huko ndiko kunakoonekana kama ukungu. Kitambaa cha rangi kikilowa hukoza, kikikauka hupauka, kwa sababu maji hujaza vijitundu vilivyo kati ya nyuzi na mwanga ukapenya badala ya kutawanyika. Epoksi inaufanyia uzi jambo hilohilo, ila moja kwa moja: inajaza vijitundu, inaganda humo, rangi inakoza na kutulia. Unyevu ukiingia katikati na kuibandua epoksi, vijitundu vinarudi, mwanga unatawanyika upya, na jicho linaona weupe. Sikuwahi kulifikiria hivi mpaka leo asubuhi, nilipokuwa na kioo cha kukuzia usoni. Miaka yote nilidhani weupe ule ni maji yenyewe.

Kwenye zile pete mbili njia ya maji inaonekana wazi. Uzi unapopanda kutoka kwenye ufito kwenda juu ya mguu wa pete, haulali kabisa kwenye kona. Unaacha mfereji mwembamba kila upande wa mguu. Epoksi inatakiwa kuuziba mfereji huo mwishoni. Lakini fimbo kazi yake ni kupinda, na mguu wa chuma haupindi. Samaki akivuta, ufito unakunja mgongo wakati mguu umebaki mnyoofu, na ugomvi wao wote unaishia kwenye ncha ya mguu, palepale epoksi ilipo nyembamba. Inapasuka. Ufa wenyewe ni kama unywele. Niliuona tu nilipoikunja fimbo taratibu chini ya taa na kumeta kidogo kukatokea. Maji yakifika hapo hayasukumwi na mtu. Yanapanda yenyewe ndani ya mfereji, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi.

Hata bila ufa, epoksi iliyoganda hunywa maji, asilimia chache ya uzito wake, na mvuke hupita ndani yake polepole sana. Wenye mashua za faibaglasi wanajua vizuri jambo linalofanana na hili: chombo kinakaa majini mwaka baada ya mwaka, halafu siku moja kinapandishwa na kukutwa na malengelenge chini ya koti lake. Nimewaambia watu wengi, kwa kujiamini, kwamba epoksi haipitishi maji. Siwezi tena kuisema sentensi hiyo.

Jumatatu, baadaye

Nimempigia mzee simu. Baada ya salamu nikamuuliza, ukimaliza kuvua, fimbo huwa unaifanyaje?

"Naisuuza kwa maji baridi kuondoa chumvi, kama ulivyoniambia. Naifuta. Naitia kwenye mfuko wake, halafu kwenye bomba, nafunga. Naitunza, mwanangu. Haijawahi kulala nje hata usiku mmoja."

Nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa kwenye simu. Ile fimbo imeumizwa na matunzo. Kufuta kwa kitambaa hakutoi maji yaliyo chini ya pete wala yaliyoingia kwenye kiungo cha vipande viwili, kwa sababu ufito una uwazi ndani. Fimbo inaingia mfukoni na unyevu wake, mfuko unaunywa na kuushikilia palepale kwenye uzi, na bomba lililofungwa halina pa kuutoa. Bomba likikaa kwenye buti la gari juani, maji yanageuka mvuke na kuzunguka fimbo kwa saa nyingi, katika joto linaloilegeza epoksi, mahali ambapo ungepaswa kuwepo upepo. Fimbo iliyoachwa wima kwenye kona ya chumba ingekauka kabla ya asubuhi.

Bomba nilimpa mimi. Nilimkabidhi kwa fahari, nikamwonyesha kifuniko kinavyokaza vizuri. Nilimwambia asuuze chumvi. Sikumwambia aache fimbo ikauke.

Nilimweleza hivyohivyo bila kuficha. Akasema, "Basi tumejua."

Jumanne

Lile wingu la tatu, kwenye urembo, halina ufa. Nimezunguka na kioo cha kukuzia mara tatu. Kingo zake zimezibwa vizuri, epoksi ni nene, na hakuna mguu wa chuma wa kuipasua. Tena halikuanzia ukingoni kama yale mengine. Limeanzia katikati na kutanuka kwenda nje. Maji hayakuingia pale. Yalikuwamo.

Nilifungua daftari langu la kazi la mwaka ule, na ninaandika hapa nilichokiona. Kabla ya epoksi, urembo ule niliupaka dawa ya kuhifadhi rangi ya uzi, ile nyeupe kama maziwa, inayotumia maji. Nilitaka kijani kibaki kijani cha jani changa, maana uzi wa nailoni usiohifadhiwa hukozwa na epoksi ukawa karibu na weusi. Dawa hiyo ikikauka juu haina maana imekauka chini, hasa ikipakwa mara mbili juu ya uzi uliozongwa tabaka kwa tabaka, na nailoni yenyewe inanyonya maji. Daftari linasema: tabaka la pili jioni, epoksi asubuhi. Pembeni nimeandika, kwa mwandiko wangu, mvua tangu juzi. Nilifunga maji ndani kwa mkono wangu na kuyawekea kioo juu. Halafu bomba lenye joto likayaamsha.

Dawa ile ina dosari nyingine ambayo sikuipa uzito wakati ule. Ikishajaza uzi, epoksi haipenyi tena hadi kwenye ufito. Inakaa juu kama ganda. Unyevu ukipata mlango mmoja, unatembea chini ya ganda zima. Kwa fimbo ya ukutani haina neno. Kwa fimbo inayokwenda baharini, sasa naona nilichagua rangi nikauza ulinzi.

Alhamisi

Leo nimezifungua. Pasha epoksi joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka ikubali alama ya ukucha, halafu pitisha wembe juu ya mgongo wa mguu wa pete, urefu wa mguu, chuma kikiwa chini ya makali. Kamwe usikate juu ya ufito. Nyuzi za kaboni zikichanjwa hata kidogo, fimbo itavunjikia hapo siku ya samaki mkubwa, na hakuna epoksi ya kulificha hilo.

Kipande cha kwanza kilibanduka chote, kigumu kama ganda la mbegu. Kwenye ufito ulibaki mstari wa mfereji, kila upande wa mguu, na ndani ya mstari kulikuwa na chembe nyeupe. Nikazigusa kwa ncha ya ulimi: chumvi. Kwa hiyo kusuuza kote kule hakukufika humu. Na chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo mfereji huo haukuwa ukikauka hata siku ambazo hakwenda kuvua. Chini ya mguu, chuma kinachoitwa hakishiki kutu kilikuwa na mchirizi wa kahawia. Pete hiyo sikuirudisha.

Urembo ulinichukua alasiri nzima. Uzi ulitoka umelegea, haukung'ang'ania kitu.

Ijumaa usiku

Nilimuuliza mzee kuhusu rangi, maana ni yake. Nilimwambia bila dawa ile kijani kitakuwa cheusi-cheusi, kitaonekana kijani juani tu. Akajibu, "Itoke itakavyotoka. Mimi nataka kuvua nayo."

Miguu ya pete mpya nimeipiga tupa mpaka ncha zikawa nyembamba kama makali, ili uzi upande bila kuruka na mfereji uwe mdogo kadiri inavyowezekana. Ufito nimeufuta kwa spiriti na kuuacha ukauke, kisha nimengoja. Kipimaunyevu cha ukutani kilikuwa juu mno Jumatano, jana pia, na zote mbili sikugusa epoksi. Leo kimeshuka. Nimepima resini kwa bomba lake la sindano na kigumishi kwa lake, mililita tatu kwa tatu, nimekoroga bila haraka. Tabaka la kwanza jembamba sana, la kunywesha uzi tu. Nililiona likipenya: kijani kilikoza mzunguko baada ya mzunguko, kutoka kwenye brashi kwenda mbele, na mifereji ikajaa kutoka ndani, vipovu vidogo vikitoka kwenye ncha ya mguu kimoja kimoja. Vilipokoma nikajua epoksi imefika chini.

Tabaka la pili kesho. Kisha wiki nzima ya kukaa bila kuguswa, ingawa baada ya siku moja itaonekana imeshakauka.

Mota inazunguka nyuma yangu ninapoandika. Mfuko wa kitambaa nimeufua mara mbili, maji ya kwanza yalikuwa na chumvi. Sasa umeanikwa dirishani. Bomba nimelitoboa matundu sita, matatu kila ncha, na mzee nimemwomba aje Jumamosi ijayo tuifungue fimbo pamoja, nimwonyeshe jinsi ya kusimamisha vipande viwili kando, mdomo wa kiungo ukitazama chini.