Kopo la siagi ya karanga na namba ya kumi na tatu

Leo nimeshinda na kopo moja la siagi ya karanga mkononi.

Wengi mnajua nauza hapa hapa Dodoma, mitaa ya Majengo. Wiki hii nikaamua kuingia kwenye duka la mtandaoni. Kila ujazo una bakodi yake (ile mistari myeusi yenye tarakimu 13 chini yake), gramu 250 namba yake na gramu 500 yake. Hilo nilishalielewa.

Asubuhi kopo kubwa likakataliwa. "Namba si sahihi." Nikaandika upya. Likakataliwa tena. Roho iliniuma, maana namba zile nimezilipia.

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, soma kwa sauti."

Nikaweka kidole kwenye lebo: sita, mbili, sifuri (620, za waliosajiliwa Tanzania), tukaenda taratibu. Ya tisa mimi nimeandika 3. Lebo inasema 8! Mafuta ya karanga yalikuwa yamefifisha wino.

Kumbe tarakimu ya 13 kazi yake ni kuzilinda zile 12. Unaanza kushoto, unazidisha kwa 1, inayofuata kwa 3, hivyo hivyo hadi ya 12. Unajumlisha, unatazama imepungua ngapi kufikia namba inayofuata inayoishia na sifuri.

Tulipiga hesabu kwa penseli nyuma ya mfuko wa karanga. Ikatoka 4. Nikageuza kopo.

4!

Nilimkumbatia mdogo wangu pale pale jikoni.

Wajasiriamali wenzangu, lebo zenu mnazikingaje na mafuta? Nielekezeni jamani, nachapisha nyingine Jumatatu.