Siku moja maishani mwangu: ile senti 31

Saa 11 alfajiri. Naamka kuuwahi upepo. Aliyewahi kurekodi nje hapa Dodoma wakati wa kiangazi ananielewa: jua likishapanda, upepo unaguruma ndani ya maikrofoni, na ukiuondoa kwa kompyuta baadaye unaondoka na nusu ya wimbo. Begi langu lina kinasa sauti cha mkononi, maikrofoni mbili, simu mbili za kuchukulia video, pawabenki na manyoya ya kuvisha maikrofoni. Bodaboda hadi stendi, kisha gari la Chamwino.

Saa 1 na nusu. "Mbukwenyi!" nawasalimu kwa Kigogo. Kina mama waimbaji ninaokuja kuwarekodi wameshakaa kivulini. Kiongozi wao ni bibi mmoja mwenye sauti inayoweza kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Anaitikia shikamoo yangu, halafu ananiuliza anachoniuliza kila nikija: "Leo utatukata tena?" Mara ya kwanza wimbo wao wa dakika 9 niliufanya wa dakika 3. Hajasahau, na ana haki. Nimemwahidi kwamba safari hii wimbo utakaa mzima, na kipande kifupi kitakuwa cha kuwaita watu tu.

Kabla ya kuanza, mzee wa malimba anakagua chombo chake. Malimba ya Kigogo ni kisanduku chenye vifito vya chuma vya kubonyeza kwa vidole, na juu yake kuna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Ukibonyeza ufito, utando unatetemeka na sauti inatoka na mvumo, kama nyuki walioko mbali. Leo umechanika. Mzee anasimama, anazunguka nyuma ya nyumba, anarudi na utando mpya kwenye ncha ya kidole. Tunamsubiri wote, bila mtu kuharakisha.

Napiga kofi moja mbele ya simu zote mbili. Kofi hilo ndilo litakaloniwezesha kulinganisha picha na sauti. Halafu wanaimba. Anaanza mmoja, wa pili anaingia kwa chini, na ghafla sauti ni nne au tano, kila moja na njia yake. Mwishoni wanabana ngoma za muheme katikati ya mapaja na kupiga, nami narudi nyuma hatua kumi ili sauti isipasuke kwenye kinasa.

Saa 5 niko njiani. Nalala kwenye gari.

Saa 7 mchana, studio. Ni chumba kimoja Nkuhungu, magodoro ukutani, kompyuta moja. Kijana wa Bongo Fleva anayetaka kuwaweka kina mama kwenye kiitikio chake ameshafika na biti yake. Tunaziweka sauti juu ya biti. Anakunja uso.

"Dada, mbona wako nje ya kii?"

Programu ya kunyoosha sauti nayo inakubaliana naye. Kwenye skrini noti zao zinaelea katikati ya mistari, na pembeni kuna kitufe cha kuzivuta zote zikae sawa kwa sekunde moja. Teknolojia hiyo ilitoka mwaka 1997. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, kwanza alikuwa akitumia hesabu za mawimbi ya sauti kutafutia mafuta ardhini. Ni kazi ya akili kubwa na mimi naitumia karibu kila wiki. Ila mistari yake ni ya piano: oktava, yaani safari ya kutoka noti moja hadi ileile ya juu yake, imekatwa vipande 12 sawasawa, kila kimoja senti 100. Senti hapa ni kipimo cha sauti, si hela.

Wagogo hawaimbi kwa vipande hivyo. Mtafiti wa muziki Gerhard Kubik alieleza kwamba ngazi yao inatokana na sauti zinazozaliwa ndani ya sauti moja: ya 4, ya 5, ya 6, hadi ya 9. Ile ya 7 inaangukia senti 969 juu ya ile ya 4. Noti ya piano iliyo karibu nayo ni 1,000. Hapo katikati kuna senti 31, karibu theluthi ya kipande kimoja cha piano, na ndipo alipo bibi. Hajakosea. Yuko pale kila mara anapoipita noti hiyo, na malimba ya mzee yako pale pamoja naye. Mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka Ugogoni na ngazi hiyohiyo akaifikisha hadi studio za Real World kule Uingereza.

Kwa hiyo sibonyezi kitufe. Nakwenda kwenye kinanda cha biti. Kwanza nakishusha chote kifuate sauti ya mwanzo ya kina mama, maana wao hawakuanzia kwenye noti ya piano. Kisha narekebisha noti mojamoja: ya tatu ya ngazi ya piano nashusha senti 14, ile ya 1,000 senti 31, ya tano napandisha 2. Mibofyo michache tu. Tunacheza upya.

Kijana ananyamaza. Anarudisha mwanzo, anasikiliza tena. "Sasa mimi ndiye niliye nje," anasema, na anaomba arudie kuimba. Tunarudia mara kumi na moja.

Saa 11 jioni, umeme unakatika. Kwa chaji iliyobaki kwenye simu najaza fomu ya kupakia wimbo. Kwenye nafasi ya mtunzi wengi huandika "wimbo wa asili", kana kwamba umeota kama nyasi. Naandika majina ya kina mama, yote tisa, na la mzee. Inachukua muda. Hapa sina mjadala na mtu: jina lisipoandikwa, hata hela ikija haitajua pa kwenda.

Saa 2 usiku umeme umerudi. Namaliza kumiksi, namtumia bibi kwa WhatsApp kwenye simu ya mjukuu wake.

Saa 3. Sauti yake inaingia, fupi. "Mwanangu, tumesikia. Hujatukata. Ila buibui yuko wapi?"

Navaa hedifoni. Kweli hayupo. Mchana nilipitisha programu ya kuondoa kelele ili nipunguze mabaki ya upepo, nayo ikauhesabu mvumo wa utando kuwa kelele. Senti 31 nilizitetea mchana kutwa, halafu utando ule wa asubuhi nikaufuta kwa mkono wangu.

Nafungua faili la asili. Naiondoa programu kwenye malimba yote. Upepo kidogo unarudi, nauacha. Mvumo nao unarudi.

Saa 5 usiku namtumia tena. Tiki moja. Simu ya mjukuu imezimwa, na huko kijijini inachajiwa dukani asubuhi.