Mlima hukushika wakati wa kushuka

Kijana wa Dodoma au Singida anayemaliza kilomita 21 za lami kwa saa moja na dakika tano ana mapafu ya kutosha mlima wowote wa nchi hii. Mkoa wa Singida ndio uliomtoa Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2025, kwa hiyo suala la pumzi tusilipigie kelele. Akipata nafasi ya kukimbia mbio za mlimani, kijana huyo huwaza kupanda tu. Hufanya mazoezi ya kupanda miezi mitatu, siku ya mbio anafika kileleni na kundi la mbele, halafu anapitwa na watu 40 akishuka, huku mapaja yakitetemeka kama amebeba gunia la mahindi.

Ukipanda, msuli wa mbele wa paja hufupika unapofanya kazi. Ukishuka, msuli huohuo hurefuka huku umebeba uzito wa mwili mzima, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo kila mguu unapotua. Hutahisi kitu kilomita tatu za mwanzo. Maumivu kamili huja siku ya pili yake. La kushukuru ni kwamba msuli huu hujifunza upesi: zoezi moja tu la kushuka huupa kinga inayodumu wiki kadhaa. Lakini zoezi lenyewe lazima lifanyike, na lami ya tambarare haiwezi kulifanya kwa niaba yako.

Dodoma mjini vilima vipo. Kuna Imagi, kuna Mlimwa, kuna miinuko ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Tafuta mteremko wa udongo wenye mita 300 hadi 400, mkali kiasi kwamba bodaboda yenye abiria ingeupanda kwa gia ya pili. Anza saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza. Wiki ya kwanza shuka mara 4 tu kwa mwendo wa kawaida, ukirudi juu kwa kutembea. Wiki ya pili mara 6. Kufikia wiki ya nne mara 8 hadi 10, mbili za mwisho kwa kasi ya mashindano. Mara moja kwa wiki inatosha, na kesho yake usikimbie kitu chochote kigumu. Zoezi kali la mwisho liwe siku 10 hadi 14 kabla ya mbio. Ukilifanya siku nne kabla, utaanza mbio ukiwa na miguu iliyochanika tayari.

Vilima vyetu vina changarawe iliyolala juu ya jabali, na changarawe hiyo huteleza kama gololi. Mtu akiogopa, huegemea nyuma na kutua kwa kisigino, goti limenyooka. Hapo ndipo mguu unapokimbia mbele na makalio yanakwenda chini. Fanya kinyume: kiwiliwili kiinamie mbele kidogo toka kwenye kifundo cha mguu, si kiunoni, goti likunjwe kabla mguu haujagusa chini, hatua ziwe fupi na nyingi, kama 180 kwa dakika. Mikono itanuke pembeni kama ya mtu anayevuka gogo. Macho yawe mita 3 hadi 5 mbele. Mguu utakumbuka jiwe ulilokwisha kuliona. Ukilitazama jiwe lililo chini ya kidole chako umeshachelewa.

Viatu sasa. Wengi tunanunua vya mtumba pale Sabasaba, na si vibaya, ila kagua. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, hata kama kiatu kinang'aa, kiache. Meno ya soli yawe na kina cha milimita 4 au zaidi. Vuta ncha ya soli mbele uone kama gundi inaachia. Ikiachia kidogo, fundi viatu aishone kwa uzi pande zote, kwa sababu gundi peke yake haimalizi mteremko wa mawe. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha tumia lile tundu la juu kabisa ambalo watu huliacha: ingiza kamba toka nje kwenda ndani upande uleule ili ibaki kitanzi kidogo, fanya hivyo pande zote mbili, pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini, ndipo ufunge. Kisigino kitakaa mahali pake. Bila hivyo mguu huteleza mbele kila hatua, na kucha za vidole vikubwa huwa nyeusi jioni hiyohiyo.

Kupanda kwenyewe nitakupitia haraka. Mwinuko ukiwa mkali hadi kisigino hakigusi chini, tembea, mikono ikisukuma mapaja. Kasi hubaki karibu ileile na mapigo ya moyo hushuka. Hakuna aibu yoyote hapo. Mabingwa wa mbio hizi hutembea.

Baridi ndiyo inayodharauliwa zaidi na watu wa nyanda kavu. Joto hupungua takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Mlima Hanang, mkoani Manyara, mita 3,420 hivi. Kama hapa ni nyuzi 25, kule ni kama 11, kabla hujahesabu upepo na jasho lililolowesha fulana. Unapokimbia, misuli ni jiko. Mapaja yakikataa kazi ukaanza kutembea, jiko limezimika na bado umelowa. Ndiyo maana mtu asiyejua kushuka ndiye pia anayeshikwa na baridi. Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 mkoani Gansu, China, upepo na mvua ya barafu viliwakuta wakimbiaji juu mlimani, wengi wakiwa na kaptura na fulana. Kati ya 172 walioanza, 21 walikufa, wakiwemo wazoefu.

Kwa hiyo koti la mvua lenye kofia na mishono iliyozibwa kwa utepe ubebe hata anga ikiwa kavu. Ongeza glovu, filimbi, tochi ya kichwani, lile blanketi jembamba la dharura linalong'aa, na simu yenye chaji ndani ya mfuko usiopitisha maji. Filimbi ina lugha yake: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Vaa koti ukiwa bado una joto. Jipime hivi: gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho. Kikishindwa kufika, mwili umeanza kupoa. Vaa kila kitu, kula kitu kitamu, shuka. Mtu aliyekuwa akitetemeka kisha akaacha bila kupata joto yuko hatarini kabisa.

Kimo cha mlima nacho kina dalili zake. Kichwa kikiuma na tumbo kuchafuka, punguza mwendo na usiendelee kupanda. Mwambie mwenzako atembee mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Akiyumba, au akiwa anahema hata amekaa, ateremshwe mara moja, tena asiteremke peke yake.

Hapa kwetu vijana hulelewa na habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akamaliza. Namheshimu kwa moyo wote. Lakini alikuwa kwenye barabara ya mjini. Makocha, tafadhali, msiwape watoto mfano huo kwa ajili ya mlima. Goti likiteguka kwenye ukingo wa Hanang, mbele ni msitu wenye tope, na udongo wa mlima ule ukilowa tumeuona: tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko yake yaliua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji jirani. Nendeni kiangazi, na kibali na mwongozaji, na mpange mapema saa ya kugeuka, iwe kilele kimefikiwa au la.

Chakula cha njiani Dodoma tunacho. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Zabibu kavu kiganja kimoja kilichojaa, kama gramu 40, hutoa karibu 30. Ndizi kubwa moja hivyohivyo. Karanga ziache nyumbani, mafuta yake hukaa tumboni wakati wa kupanda; maharage na mlenda mwingi usiku wa kuamkia mbio pia vitakutafutia kichaka. Maji kunywa kwa kiu. Kujilazimisha lita nyingi za maji matupu hushusha chumvi ya damu, na hilo nalo huangusha watu.

Halafu diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Vijana humeza vidonge viwili kabla ya kuanza ili miguu isiume. Msuli uliochanika humwaga takataka kwenye damu, figo ndizo zinazochuja, na dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo wakati huohuo umekaukiwa maji. Usiimeze kabla wala wakati wa mbio. Siku ya mbio na mbili zinazofuata, angalia mkojo. Ukiwa mzito wa njano, kunywa maji kwa kiasi na upumzike. Ukiwa wa kahawia kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, mweleze daktari umekimbia mteremko kwa muda gani na umemeza dawa gani.